Kitufe cha Mwanzo

Wiliam Mayala alikuwa karani wa zamu mgodini Mwadui kwa miaka ishirini na sita, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuandika tarehe isiyo ya siku yenyewe. Wafanyakazi walimbembeleza, wakamletea kuku, wakamkumbusha undugu. "Karani, niandikie tu kwamba jana nilikuwepo." Hakuandika. Wakamwita Kalenda, naye jina akalipenda. Alipostaafu na kurudi kijijini kwao Didia aliendelea vilevile: mlango wa ghala aliujaza chaki, tarehe ya kupanda pamba, tarehe ya kuinyunyizia dawa, hadi tarehe kuku alipoanza kulalia mayai. Mkewe Mageni alisema ipo siku hata yeye ataandikwa tarehe mgongoni.

Mtu wa namna hiyo ungedhani blogu ingemnyookea. Wapi! Blogu ilimtoa jasho kuliko mgodi.

Alikuwa na sababu ya kuifungua. Miaka tisa iliyopita, siku ya pili ya matanga ya mama yao, dada yake mkubwa Rhoda aliwasili kutoka Ushirombo saa sita mchana akiwa na shuka jeupe la kumfunikia marehemu. Akakuta kaburi limeshafukiwa tangu jana yake. Wiliam, macho mekundu, akasimama mbele ya ukoo mzima akasema: "Aliyechelewa kumzika mama yake ni mgeni. Mgeni anapewa kiti, hapewi neno." Ulimi hauna mfupa. Rhoda aliliweka lile shuka juu ya kaburi, akageuka, akaondoka bila hata kunywa maji. Tangu siku hiyo hakupokea tena simu ya mdogo wake.

Mwaka jana Wiliam alipekua simu yake ya zamani akitafuta namba ya fundi, akaukuta ule ujumbe aliomtumia Rhoda. "Mama ametutoka. Mazishi kesho saa nane mchana." Basi. Hakuna siku, hakuna tarehe. Enzi hizo Rhoda alikuwa akipeleka simu senta kuchajiwa, anaifuata kesho yake. Bila shaka aliusoma ujumbe siku ya mazishi yenyewe, jua likizama, akaliona neno "kesho", akalala akijua ana muda. Yeye Kalenda, anayeandikia kuku tarehe, hakumwandikia tarehe dada yake. Aliketi kwenye kigoda hadi chai ikapoa.

Neno lililosemwa mbele ya watu haliombewi msamaha chumbani. Kwao ndivyo walivyolelewa. Akaamua kuomba radhi mbele ya dunia. Kila Jumamosi alikwenda mjini Shinyanga, kwenye stationari ya Fredy, akaandika sehemu moja. Sehemu ya Kwanza iliitwa "Dada Rhoda, kosa ni langu", na ndani yake aliuweka ule ujumbe kama ulivyo. Zilizofuata zilisimulia utoto wao, jinsi Rhoda alivyombeba mgongoni kuvuka mto akienda shule, jinsi alivyoacha masomo ili yeye asome. Sehemu ya Kumi na Mbili ilifika kaburini, na yale maneno yake ya kishenzi akayaandika yote, asijifiche. Ilitoka Jumamosi ya tarehe 31 Mei. Kisha akampigia Mariana, binti wa Rhoda aliyekuwa na duka kule Bulyanhulu, akamwomba akienda kumsalimia mama yake amfungulie asome.

Ijumaa iliyofuata Mariana akapiga simu.

"Mjomba, shikamoo."

"Marahaba. Mama amesoma?"

"Amesoma. Mjomba, kwa nini umemtukana tena?"

"Nimemtukana wapi? Kitu cha kwanza pale ni kuomba radhi."

"Cha kwanza pale ni kaburi na hayo maneno ya mgeni na kiti. Nikamwambia, mama, tuiangalie mwanzo, labda inaeleweka. Pale juu pameandikwa Mwanzo. Akabofya mwenyewe. Ikarudi palepale kaburini. Akabofya tena. Mara tatu, mjomba. Akasema, 'Kumbe kwa Wiliam mwanzo wetu ni hapa.'"

"Chini je? Hakushuka chini?"

"Chini pameandikwa Machapisho ya Zamani. Akasema ya zamani anayajua, alikuwepo." Mariana akashusha pumzi. "Nipo hapa kwake mpaka Jumapili. Nikirudi dukani, hakuna wa kumfungulia."

Jumamosi asubuhi na mapema Wiliam alikuwa mlangoni pa stationari kabla Fredy hajafungua kufuli. Fredy alikuwa mtu mzima mwenye watoto watatu na subira ya kuuza. Alimvutia mzee kiti, akawasha kompyuta, akasikiliza shauri lote huku akitoa nakala za vyeti vya mtu mwingine.

"Mzee wangu, blogu ni kama gazeti. La leo linakaa juu."

"Mimi sikuandika gazeti. Niliandika barua. Uliona wapi barua inayoanza na 'wako mtiifu'?"

"Ndivyo ilivyotengenezwa."

"Na huu Mwanzo unaokupeleka mwisho, nao ndivyo ulivyotengenezwa?"

"Huo ni mwanzo wa tovuti, mzee. Maana yake ukurasa wa mbele."

"Basi wangeandika ukurasa wa mbele!" Mwenye vyeti akageuka kumtazama. Wiliam hakujali. Jambo lenyewe lilikuwa la kuudhi kweli: neno ambalo hata mtoto wa chekechea analijua, mtu amelichukua akalibandika mahali pasipo pake, na kwa ajili hiyo mama mwenye miaka sabini na moja ametukanwa mara tatu kwa kidole chake mwenyewe.

Wakaingia kwenye mipangilio. Wakakuta pa kuchagua rangi, pa kuchagua ukubwa wa herufi, pa kuamua machapisho mangapi yaonekane kwa ukurasa. Hapo Wiliam aliwahi kuweka moja, ili dada asichoke macho, na ndiyo maana Rhoda alikutana na kaburi peke yake. Pa kugeuza mpangilio hapakuwepo. Wakatafuta tena. Hapakuwepo. Wiliam akavua kofia, akaivaa, akaivua.

"Njia ni moja," Fredy akasema. "Blogu inapanga kwa tarehe. Tubadilishe tarehe. Sehemu ya Kwanza tuipe tarehe mpya kuliko zote, ya Kumi na Mbili tuipe ya zamani kuliko zote."

"Yaani niandike uongo."

"Uandike tarehe tu, mzee."

"Miaka ishirini na sita, Fredy. Kuku nimekataa." Akakitazama kioo ambamo maneno yake ya matanga yalikuwa yamejipanga juu kabisa, yamenona. Kisha akasema, "Sogea." Akashika kipanya mwenyewe. Kama ni kudanganya, afadhali adanganye kwa utaratibu: dada atasoma Jumapili, basi Sehemu ya Kwanza ipewe tarehe ya Jumapili. Akaandika 8 Juni, akahifadhi.

Sehemu ya Kwanza ikatoweka.

Akabofya huku, akabofya kule. Radhi yake yote, wiki nzima ya kuichagulia maneno, haipo. Akapandwa na hasira, akaiita kompyuta kwa majina ambayo mgodini walikuwa wakiyaita maji yakivunja ukuta.

Fredy akainama, akacheka kidogo. "Haijapotea, mzee. Umeandika kesho. Ukiandika kesho, inangoja kesho."

Wiliam akaachia kipanya. Fredy hakujua amesema nini. Alidhani mzee amekasirishwa na kicheko chake, akamwomba radhi. Wiliam akatikisa kichwa tu. Neno lilelile. Miaka tisa, na bado lilikuwa linamchelewesha mtu wake.

Akafuta 8 Juni, akaandika 7 Juni, siku ile ile aliyokuwa amekaa pale. Radhi ikarudi, ikakaa juu. Sehemu ya Pili akaipa 31 Mei, ya Tatu 24 Mei, akashuka nazo Jumamosi kwa Jumamosi kama mtu anayeteremka kisimani kinyumenyume, hadi ya Kumi na Mbili ikafika chini kabisa mwezi Machi. Kila tarehe ya uongo aliyoandika aliitamka kwa sauti. Kisha akamsimamia Fredy hadi akafuta yale maneno Machapisho ya Zamani, mahali pake akaandika "Endelea, dada". Neno Mwanzo wakaliacha, maana sasa lilikuwa linasema kweli. Wakajaribu mara nne. Mara zote ilifunguka pale pa kosa ni langu.

Jumapili hakwenda kanisani. Aliketi uani na simu pajani, akimfokea Mageni kwa kila jambo: chai ya moto, chai ya baridi, mbuzi kafungwa karibu. Mageni akamwacha, akaenda kanisani peke yake. Aliporudi alimkuta amesimama kwenye mlango wa ghala, chaki mkononi, haandiki.

"Baba Innocent, kuna nini?"

Akampa simu. Namba ilikuwa ya Ushirombo, ile isiyopokea. Mageni akasoma polepole.

"Wiliam. Nimesoma zote, Mariana amenisomea hadi sauti ikamkauka. Nakuja Didia Jumamosi, tarehe 14 mwezi wa sita mwaka 2025, saa nne asubuhi. Nakuandikia na tarehe, karani, maana nyie ndugu zangu mkiandika kesho mtu hazikwi na wake."

Mageni alimrudishia simu. Wiliam akaifuta tarehe ya kuku, akaandika ya Rhoda mahali pake, siku, mwezi, mwaka na saa.