Kiwango cha Taifa na Kiwango cha Chuo

Binti yangu Suyin alisoma mwaka mzima kwenye ngazi za maktaba ya Weifang, akikariri kwa sauti huku vidole vimevimba kwa baridi. Alitaka shahada ya uzamili Beijing, katika chuo alichosoma marehemu baba yake. Matokeo ya mtihani wa taifa yalipotoka, alama zake zilivuka kiwango cha taifa. Shemeji yangu Guangren, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo wa Pang, akatangaza papo hapo kwenye kundi la familia: "Suyin kaingia Beijing!" Pongezi zikamiminika.

Lakini vyuo vikubwa huweka kiwango chao, cha juu zaidi. Cha Beijing kilipotoka, Suyin hakukifikia. Hakusema kitu. Nami nilijua, nikanyamaza, maana jina la Pang halijawahi kuchekwa. Tangu hapo hakula vizuri. Kila shangazi alipompongeza, aliigeuza simu kifudifudi.

Kisha chuo kimoja cha Lanzhou, kilichobakiwa na nafasi, kikamwita. Alitakiwa akubali kwa simu kabla ya adhuhuri, siku ya Qingming, tunapofagia makaburi. Akikubali, ukoo mzima utajua. Akikataa, tutasema aliugua, arudie mtihani mwakani.

Kaburini kwa mume wangu, Guangren alianza kumimina pombe chini. "Mdogo wangu, furahi! Mwanao anakwenda chuoni kwako!"

"Baba mkubwa, ngoja kwanza," Suyin akasema.

"Ningoje nini? Marehemu ana kiu."

"Usimwambie hivyo. Sikufika. Nimepata Lanzhou."

"Lanzhou? Unakwenda kusomea tambi?" binamu yake mmoja akacheka, maana mji ule unasifika kwa tambi.

Suyin akapiga magoti. "Baba, nisamehe. Nimeacha watu wanisifu kwa kitu nisicho nacho."

Guangren akanigeukia. "Shemeji, ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi nimeshajivuna mpaka kwa wakwe!"

Suyin alinitazama, simu mkononi. "Mama, muda unakwisha."

Nusura nimwambie akatae. Nikaona jinsi mashavu yake yalivyobonyea tangu majira ya baridi.

"Bonyeza," nikasema.

Akabonyeza. Binamu hakucheka tena. Guangren akamimina pombe iliyobaki, taratibu.

"Basi, mdogo wangu," akasema, "ni Lanzhou. Hilo la kwanza nilikudanganya."