Bomba Lililopinda Uani

Nyumba yetu ya Msambweni iko upande wa chini wa barabara, na kila masika maji ya mtaa mzima huja kutupigia hodi. Tulishayazoea. Lakini mume wangu aliposhikwa na maradhi ya kusahau, na miguu nayo ikakataa mwendo wa mbali, ilibidi gari liweze kufika mlangoni kumchukua kumpeleka hospitali. Kijana wetu aliyeko Mombasa akatutafutia fundi kutoka Kombani, aweke kalvati kwenye mtaro wa barabara, atengeneze njia ya gari hadi kibarazani, na kando yake afukie bomba la kutoa maji uani.

Fundi alikuja na mpira wake wa kupimia maji, ule unaoonyesha ndani. Yeye alishika ncha moja, mimi nikashika nyingine, tukatazama maji yanatulia wapi. Akasema bomba litoke kona ya jiko moja kwa moja mpaka kwenye kalvati, lisipinde popote, maana penye kona ndipo taka hukwama. Akapigilia vigingi na kuvuta uzi mweupe. Mume wangu alikuwa ameketi kibarazani, mikono magotini, akitutazama.

Asubuhi yake uzi ulikuwa umepinda. Ulitoka jikoni umenyooka vizuri, ulipofika chini ya kamba ya nguo ukachepuka, ukazunguka, kisha ukarudi kwenye njia yake. Haukukatwa wala kuchafuka, na vigingi vilikuwa vimekaa imara. Mchanga wa hapo ulikuwa umefagiliwa, mistari ya ufagio imelala sambamba, na hapakuwa na unyayo hata mmoja. Mimi hufagia baada ya chai.

Nilimrukia fundi. Nikamwambia kama anataka kurefusha kazi aseme, asinifanye mjinga kwangu. Akaapa kuwa si yeye, akaunyoosha uzi. Kesho yake tukaukuta umepinda tena, pale pale. Nilisomesha watoto wa chekechea mpaka nikastaafu, nami naujua utukutu, haukawii kucheka ili uonekane. Huu haukutaka kuonekana, na hilo ndilo lililonitia baridi.

Siku hiyo fundi alikataa kuinua sururu.

"Mamangu, hapa pana wenyewe," aliniambia kwa sauti ya chini. "Wanatuonyesha pa kupita. Nikipita kwingine, sijui nitakachokipata."

Alitaka nifukize ubani na tusome dua kwanza. Nikamcheka, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha mdomoni tu. Jioni ile nilipokwenda kuanua nguo nilijikuta nimesimama nje ya ile kona ya uzi, nimenyoosha mkono kuzifikia kanga zangu kwa mbali, na sikumbuki kuamua kusimama hapo. Niliogopa, nami si mwoga.

Kijana wetu alipopiga simu nikamweleza. Akakasirika. Mvua imekaribia, akasema, na baba hawezi kubebwa tena mgongoni kupita kwenye matope. Kama fundi anaogopa uzi, kesho yeye ataleta tingatinga lichimbe mstari mzima kwa mara moja. Nilipokata simu nilikwenda kung'oa vigingi vya ile kona, nikaunyoosha uzi tayari kwa tingatinga.

Alfajiri, baada ya kuswali, sikurudi kitandani. Nilikaa nyuma ya mlango wa jikoni nikichungulia uani kwenye upenyo. Kilichotangulia kunifikia ni sauti ya ufagio, taratibu, fya, fya. Kisha kukapambazuka kidogo, nikamwona.

Alikuwa mume wangu, mtu anayepotea kati ya kitanda na choo. Miaka yake yote ya kazi alikuwa mtunza bustani katika hoteli ya Galu, akipanga matuta ya maua kwa uzi na vigingi, na mikono ilikuwa haijasahau. Alipigilia kigingi kwa jiwe alilolifunga kitambaa, akavuta uzi, akajongea kinyumenyume akifagia nyayo zake. Nilitoka nimewaka hasira, maana hofu ikiondoka lazima kitu kikae mahali pake. Nikamuuliza anafanya nini.

Alinitazama kwa ile adabu anayopewa mtu mgeni.

"Samahani, mama," alisema. "Waambie wasipite hapa. Hapa kuna mtoto."

Mtoto wetu wa kwanza alizaliwa amekufa, wakati wa masika. Mimi nililala hospitalini nisijijue, na nilipozinduka niliambiwa amekwisha kuzikwa makaburini, ng'ambo ya bonde. Wanawake hatufuati maziko, wala sikuulizia. Kila Idi nilikwenda kusimama nje ya ukuta wa makaburi, nikasoma Fatiha nikielekea pembe niliyojichagulia mwenyewe.

Nikamuuliza, kwa shida, kwa nini hakumpeleka makaburini.

"Maji," alisema. "Barabara ilikuwa imekatika, na wakati huo hapakuwa na kalvati. Niliingia naye mikononi, maji yakanifika kifuani. Nikarudi naye. Mke wangu hajui. Angelijua, asingelibanduka hapa. Tafadhali, mama, usimwambie."

Miaka yote hiyo nilikuwa nikianika nguo juu yake. Nilikuwa nikimwaga hapo maji ya sabuni. Nikarudi nyuma hatua moja, nikaishika kamba ya nguo.

"Sitamwambia," nilisema. Kisha nikauliza neno ambalo sikuwahi kuthubutu kumwuliza mtu yeyote. "Alikuwa mtoto gani?"

"Wa kike. Nikampa jina la mama yake, kwa sababu waliniambia mama yake naye haponi."

Akalitamka. Lilikuwa jina langu, na sikuwa nimelisikia kinywani mwake tangu maradhi yaanze.

Fundi alipofika jua lilikuwa limetoka. Nilimwambia aufuate uzi kama alivyoukuta, na penye kila kona ajenge chemba yenye mfuniko ili taka zipate kutolewa. Alinitazama usoni, akautazama uzi, akachukua sururu. Nilimpigia kijana wetu nikamwambia tingatinga lisije, na kwamba sababu yake nitamweleza akija tukakaa chini. Mume wangu alikuwa bado amesimama pale na ufagio wake, amechoka, akisubiri kuambiwa aende wapi. Nikamshika mkono nikamrudisha ndani, na tulipofika chini ya kamba ya nguo tukazunguka.