Farasi Asiyekula

Pale Merigi drafti ilitangulia chesi, na drafti ina sheria moja ambayo watu wetu waliinyonya pamoja na maziwa: ukiona cha kula, kula. Usipokula, kete yako inaondolewa na unachekwa mpaka jioni. Chesi ilipoingia kwa mkahawa wa shemeji yangu, kaka ya mke wangu, tulibadilisha kete tu. Vichwa vilibaki vya drafti.

Mwaka jana alitakiwa mtu mmoja wa kutuwakilisha kwenye mashindano ya chesi Sotik. Tukabaki mimi na shemeji, na nafasi hiyo niliitaka kuliko nilivyomwonyesha mke wangu.

Shemeji hucheza kama mtu aliyealikwa harusi. Alikula askari wangu wawili akiwa bado anakoroga chai. Niseme ukweli, wa pili niliacha aliwe kwa uzembe, si kwa mpango.

Lakini nilikuwa na farasi katikati ya ubao, mahali ambapo askari hawezi kumfukuza. Aliyeweza kumsumbua ni askofu wa shemeji anayetembea vyumba vyeupe. Nikamla kwa mnara wangu, na mnara ukaliwa hapo hapo. Kwa hesabu, nilipata hasara.

Mwenyekiti wa klabu, mzee mwenye chai nyingi na subira kidogo, akaguna. "Huyu ametoa ng'ombe akachukua mbuzi."

"Na mbuzi mwenyewe amekonda," shemeji akasema.

Askofu wake aliyebaki alikuwa wa vyumba vyeusi, na askari wake mwenyewe walikuwa wamejazana mbele yake kwenye vyumba hivyo hivyo. Maaskofu wa namna hiyo nimewaona hata nje ya ubao: wafuasi wengi, mlango haupitiki. Basi sikuharakisha. Nikasogeza askari mmoja, nikanywa chai, nikasogeza mfalme.

"Kula basi, shemeji. Askari huyo hapo, anakuangalia."

"Sina njaa."

"Anaona haya kula kwa wakwe," mtu akasema nyuma yangu. Wakacheka. Nami nilicheka, kwa sababu ilikuwa nzuri.

Farasi wangu hakula kitu. Alikaa tu, na kete za shemeji zikazidi kukosa pa kukanyaga, mpaka ikambidi asogeze askari aliyemkinga mfalme. Farasi akaruka, mfalme akakosa pa kwenda. Shemeji akamlaza mfalme wake ubaoni, akanipa mkono. Hakubisha hata kidogo, na heshima hiyo ni yake.

Mwenyekiti akaangalia pembeni mwa ubao. Kwa shemeji kulikuwa na rundo la kete zangu. Kwangu, askofu mmoja na askari wachache.

"Umeshinda, hakuna anayekataa," akaniambia. "Lakini Sotik tutapeleka anayekula. Wakikuona umekaa hivyo, watasema Merigi kuna njaa."

Nilingoja shemeji aseme neno. Alikuwa anapanguza meza. Na pengine siku nyingine angenishinda, sijui. Sijawahi kuwa na uhakika na mchezo wangu.

Shemeji aliporudi kutoka Sotik nikamuuliza habari za huko.

"Shemeji, niliwala. Malkia, minara, sikuacha kitu."

"Ulishinda?"

"Si nimekuambia niliwala?"

Mwenyekiti, aliyekuwa meza hiyo hiyo, akaitikia kwa kichwa, kwa fahari. Mwaka huu nafasi imerudi, na ameshamtaja shemeji tena. Mimi nimeanza kujizoeza kula.