Bibi Somoe Alipokwenda Kutalii Lindi

Harufu ya pwani ilitufikia kabla ya bahari yenyewe: matope, chumvi, na papa mkavu aliyeanikwa mahali fulani. Mimi mtoto wa Marambo, Nachingwea, niliyezoea harufu ya ufuta na moshi wa korosho, nikaziba pua. Bibi Somoe, mama mzaa mama, akanizibua kwa kofi. "Acha ushamba. Watu wanapanda meli kuja kunusa hii." Leo mimi ni mtu ninayejulikana. Darasa la saba sikulimaliza, lakini shuka stendi ya Ruangwa uulize ghorofa lenye vigae vya bluu ni la nani, utaletwa mpaka mlangoni kwangu. Korosho zangu zinasombwa kwa malori. Sisemi kwa majivuno, nasema kwa sababu ni kweli, na ili ujue kwamba anayekusimulia habari za Lindi ni mtu aliyekwisha kuona mengi.

Hatukwenda kustarehe. Msimu ule ufuta ulikubali, na bibi akaamua kwenda hospitali ya Lindi kupasuliwa jicho. La kushoto lilikufa zamani, lilichomwa na kijiti shambani. Lililobaki lilikuwa la kulia, nalo mtoto wa jicho alishalitanda, akawa anaona kama mtu anayechungulia ndani ya moshi. Daktari alimwambia wengi wanapona. Bibi alichosikia ni kwamba si wote. Basi siku moja kabla ya kupasuliwa akanishika bega, akasema tunakwenda kutembea kwenye majumba ya zamani ya ufukweni, yale ambayo mama yake alikuwa akimsimulia tangu akiwa mdogo. Alitaka kuyaona kwa kile kidogo cha kuona alichobaki nacho.

Tukalikuta jumba moja la ghorofa, kuta zake za mawe zimemenyeka, ndani ya kuta majani yameota. Mlangoni alikaa mzee mwenye funguo, kofia ya kufuma kichwani. Akasema leo hapafunguliwi, anafungua wakija wageni.

"Na mimi nani?" bibi akauliza.

"Wageni, mama. Watalii. Wazungu."

"Mimi nimetoka Marambo. Hapa sijawahi kufika, ndugu sina, hata choo sijui kiko wapi. Unataka mgeni wa namna gani tena?"

Mzee akacheka, akauliza kabila. Aliposikia Mmwera akapiga makofi. "Ee! Mmwera siku hizi anatalii! Panya wa kula huko kwenu wamekwisha?"

"Tumewamaliza, tumebakiza wewe," bibi akajibu. "Na wewe kwa ulimi huo ni Myao tu." Alikuwa Myao kweli. Hapo mambo yakageuka, maana Mmwera na Myao ni watani, na kwetu kusini mtani hakasiriki, na cha mtani ni chako. Bibi akanyoosha mkono, akamvua kofia, akajivika juu ya mtandio wake. "Fungua. Nikimaliza kuona utaipata." Mzee akafungua huku akilalamika kwa sauti kwamba ameibiwa mchana kweupe, na kicheko kinamtoka.

Juu ghorofani bibi alipapasa kuta, akapapasa misumari ya shaba ya mlango, akageuza uso kwenye dirisha, akapangusa jicho kwa ncha ya mtandio, akageuza tena. Nikajua haoni kitu. Akanivuta mbele yake. "Angalia sana. Wakiniharibu kesho, wewe ndiye utakayekuwa unanisimulia mpaka nife. Na usiniongezee." Ndugu yangu, niliangalia! Nikaangalia boriti za mikoko zilivyopinda, baraza la mbao lililokosa vipande, mjusi kwenye ufa, maji ya ghuba yanavyogeuka rangi karibu na Kitunda kule ng'ambo, mama mmoja chini akikung'uta mkeka. Mpaka kichwa kikaniuma. Tulipotoka bibi akairudisha kofia, akamwambia mzee nyumba yake nzuri ila mwenyewe anaiharibu.

Siku ya kufunguliwa bandeji nilisimama miguuni mwa kitanda. Bibi akapepesa, akanitazama. "Kumbe u mchafu hivi?" Manesi wakacheka, mimi nikalia. Kisha akaniambia nikae nimsimulie lile jumba. Nikasema bibi, si unaona sasa, twende ukalione mwenyewe. Akasema twende ndiyo, lakini kwanza nisimulie, nijue ningekuwa mikononi mwa mtu gani. Nikamsimulia. Tulipokwenda alitembea ananikagua, jambo kwa jambo, na kosa alilopata ni moja tu: nilisahau mlango mdogo wa nyuma.

Siku hizi lami imefika, naondoka Ruangwa asubuhi na gari langu, nakula samaki Lindi mchana, na watoto wanapiga picha hapo ufukweni mpaka simu zinajaa. Sikatai, maisha yamekuwa mazuri, na mengine nimeyatengeneza kwa mikono yangu. Nimefika mpaka China kununua mashine, nimelala hoteli ambayo lifti yake ni ya kioo. Ukiniuliza chumba changu kilikuwa na dirisha upande gani, sijui. Lakini lile jumba niamshe hata usingizini, nitakupitisha chumba kwa chumba, na mlango wa nyuma siusahau tena.