Jumapili ya Mwisho ya Kaniki

Veneranda alibishana kwa mwili mzima. Akifikia jambo analoliamini, ndoo ilishuka kutoka kichwani, kanga ikafungwa upya kiunoni, na aliyekuwa na haraka akajua safari yake imeahirishwa. Na mwaka ule wa pili tangu tuhamishiwe kijijini, upande wa Ntalikwa, hakuna alichokiamini kuliko mchezo wa redio ulioitwa Kaniki.

Mimi nilikuwa nimetoka chuo cha ualimu, nikifundisha darasa la watu wazima, na yeye alikaa safu ya mbele. Nilimfundisha kusoma; yeye alinifundisha kusikiliza.

Kaniki alikuwa fundi baiskeli mchana. Usiku alijifunga kitambaa cheusi cha kaniki usoni, akapata nguvu za kung'oa mlango wa ghala kwa mkono mmoja, akawaandama walanguzi waliowaficha watu chumvi na sukari. Lakini kila alipozitumia nguvu zile, alimsahau mtu mmoja aliyempenda. Kwanza alimsahau rafiki yake. Kisha alfajiri moja akarudi nyumbani, akamwuliza mkewe, "Dada, unamtafuta nani hapa?" Jumapili ile wanawake waliondoka dukani wakijifuta machozi, na wanaume wakasema mchezo umeharibika.

Redio ya kijiji ilikaa kwenye duka la ushirika, chini ya ulinzi wa Omari, muuza duka. Omari alikuwa Mzigua, Veneranda Mnyamwezi, na makabila yao ni watani tangu enzi za misafara iliyopita hapa ikienda na kurudi pwani. Kwa hiyo walitukanana kila siku, na hakuna aliyeruhusiwa kukasirika.

"Shujaa gani huyu?" Omari alisema, mchezo ulipobakiza kipindi kimoja. "Shujaa anaruka, anapiga, anarudi nyumbani kula wali!"

"Huyo ni shujaa wa Kizigua, anaota akiwa ameshiba. Wangu analipa."

"Analipa ili iweje? Redio ni ya kutufurahisha, wewe mwanamke."

"Mimi imenifurahisha! Nashindwa kulala kwa furaha!" Ndoo ikashuka. "Sikiliza, Omari. Nilipohamia hapa niliacha kaburi la mwanangu kule upande wa Isikizya, na sijui kama nyasi zimelifunika. Halafu wewe uniletee mtu anayeokoa mji mzima asipoteze hata kandambili? Kaniki amebakiwa na mama yake tu. Jumapili wakimrudishia kumbukumbu zake zote kama zawadi, nitajua walikuwa wananidanganya tangu mwanzo."

Omari aliinama kufuta meza. Nami nilitazama viatu vyangu, maana nilikuwa nimemfundisha mwaka mzima bila kujua habari ya kaburi hilo.

Zamu za kijiji zilipopangwa, Veneranda aliangukia bani Jumapili ileile, alasiri ileile. Bani ni nyumba ya udongo ya kukaushia tumbaku, na ilikuwa mbali nyuma ya mashamba, sauti ya redio haifiki. Majani yalikuwa yameshageuka manjano. Moto ukishuka hapo yanapiga weusi, na jasho la kijiji kizima linatupwa. Hakupata wa kubadilishana naye. Hata waliosema mchezo umeharibika walitaka kuusikia ukiisha.

Akamwendea mwenyekiti wetu, Nikolaus. "Ndugu Mwenyekiti, niazime redio niende nayo bani."

"Redio haitoki dukani, dada. Ni ya wote."

"Na tumbaku ni ya nani?"

Mwenyekiti alicheka, lakini hakulegeza amri.

Jumapili, kijiji kikiwa kimejaa mbele ya duka na taarifa ya habari inasomwa, Veneranda akatokea, masizi mpaka kwenye nyusi. Moto alikuwa amemwachia Eustadia, mwenzake wa zamu. Alipita katikati ya watu akiwasalimu wakubwa vizuri, shikamoo huku, shikamoo kule, akafika mezani, akainyanyua redio ikiendelea kusoma habari, akajitwika.

"Nimemteka mtani wangu!" akapaza sauti.

Omari aliruka meza. "Mwizi! Mnyamwezi anaiba mali ya umma!"

"Kasirika basi, watu waone!"

Watu wakalipuka kwa vicheko. Kila mmoja pale alijua desturi: mtani anaweza kukuchukulia kitu mbele ya macho yako, na ukikasirika umeshindwa, kazi yako ni kukikomboa kwa masharti yake. Macho yote yakamgeukia Mwenyekiti. Naye, Mnyamwezi mwenzake, akajikuna shingo.

"Amri yangu ilikuwa ya wanakijiji," alisema. "Mambo ya watani siyaingilii."

Tukamfuata mbiombio kati ya mashamba, msururu mrefu nyuma ya redio.

"Mtazameni!" Omari akapiga kelele. "Damu ya wapagazi! Mzigo kichwani, hata hatetereki!"

"Na babu yako alifuata nyuma hivyohivyo akilia njaa!"

Muziki wa mchezo ulianza tukiwa tunaketi mbele ya tanuri la bani. Walanguzi walikuwa wamewafungia watu ghalani na kulitia moto. Mama yake Kaniki alimshika nguo. "Usiingie, baba. Utanisahau." Kaniki akasema, "Basi nishike kwanza, mama." Kisha akaingia. Moto ulitatarika, wa redioni na wa bani, nisijue upi ni upi. Eustadia alisukuma kuni bila kuzitazama.

Kaniki alimtoa wa mwisho, akaanguka. Alipozinduka, tukasikia sauti yake, ya adabu, ya mtu aliye ugenini:

"Shikamoo, mama. Wewe ni mwenyeji wa hapa?"

Tukamsikia mama akisogea karibu.

"Marahaba, baba. Ndiyo. Karibu upumzike, unaonekana umechoka."

Muziki ukapanda. Mtu mmoja nyuma yangu alikuwa akilia waziwazi. Mimi pia sikuona vizuri.

Veneranda alikuwa ameshasimama. "Hawakunidanganya!" Alilizunguka bani akipiga ukuta kwa viganja, akicheka, machozi yakichora mistari kwenye masizi. "Mmesikia? Alijua, na akaingia! Mwalimu, umesikia alivyomwamkia?"

"Nimesikia, Veneranda."

"Sasa amebaki na nini?" Omari aliuliza kwa uchungu wa kweli. "Hata mama!"

"Mama yupo pale, hajaenda popote! Yeye hamjui, lakini mama anamjua. Kesho atampikia."

Omari alisonya, akanyoosha mkono. "Nipe redio yangu."

"Ikomboe. Lete kuni zile zote hapa mlangoni."

Alizibeba zote akinung'unika, watu wakimshangilia kila alipoinama. Tulipokuwa tunatawanyika, yeye bado alikuwa pale, redio kwapani, haondoki.

"Lakini yule mkewe," alisema, "kile kipindi Kaniki alipomwita dada, mimi nilikuwa napima sukari, sikusikia vizuri. Alimjibuje?"

Veneranda akafunga kanga upya. "Kaa chini, Mzigua."

Omari akakaa juu ya gogo, naye akaanza kumsimulia tangu kipindi cha kwanza.