Goti la Mjukuu wa Plastiki

Kwa miezi saba meza ya kulia ya nyumba ile ilikuwa na mpaka. Upande wa dirishani ulikuwa wa Bi Meno, upande wa mlangoni ulikuwa wa mama mkwe wake, na katikati ulipita utepe wa gundi ambao Bi Meno aliubandika mwenyewe asubuhi moja, amefura kama chura. Wenye akili huwekeana mpaka ili wapumzike. Hawa wawili utepe uliwapa tu jambo jipya la kugombania, na sahani ikivuka upana wa kidole, siku nzima imekwisha kuharibika.

Jina la Bi Meno alipewa kazini, kwenye kliniki ambako kwa miaka kumi na minne alikuwa akitengeneza meno ya bandia. Daktari alimpima mgonjwa huko mbele, na yeye, katika chumba cha nyuma kisicho na dirisha, alimimina plasta, akachonga nta, akapanga jino kwa jino, akapika ufizi wa plastiki ya waridi na kuusugua kwa msasa mpaka ulimi usikwaruzwe. Fundi hodari, hilo hata adui zake walikiri. Lakini kila alichotengeneza kiliondoka kikiwa mdomoni mwa mtu asiyemjua, na hakuna binadamu anayemkumbuka fundi wa meno mpaka siku yanapombana.

Ndiyo maana lile boksi lilimwingia moyoni. Daktari wake alimnunulia mwanawe roboti ya plastiki ya kuunganisha. Mwana akafungua, akaona vipande mia tatu na arobaini vimening'inia kwenye fremu zake kama vifungo kwenye kadi ya dukani, akafunga. Bi Meno akaliomba boksi, akaondoka nalo chini ya kwapa. Kitabu cha maelekezo kilikuwa cha lugha asiyoijua hata herufi, akafuata picha na namba. Kila kipande alikikata kwa koleo dogo mara mbili, kwanza mbali kidogo na fremu, kisha karibu, kwa sababu ukikata kwa pupa plastiki hubaki na alama nyeupe isiyofutika. Baada ya hapo ni msasa, wa kukwaruza, wa kati, wa kulainisha. Goti moja tu lilikuwa na vipande kumi na kimoja. Alikuwa na furaha, tuseme wazi. Hatimaye alikuwa anatengeneza kitu ambacho hakitaondoka.

Mama mkwe alikuja kwa wiki mbili kutibiwa macho. Macho yakapona, yeye akabaki, na sasa ulikuwa mwaka wa pili. Watu walimwita Matroni, maana alilinda bweni la wasichana kwa miaka thelathini, na tabia ya kukagua vitanda ilikuwa haijamtoka. Mwanawe, mume wa Bi Meno, alikuwa dereva wa lori, anarudi nyumbani siku mbili kwa kila wiki mbili, na siku hizo mbili alizitumia kulala na kukubaliana na yeyote aliyezungumza mwisho.

Ndoa ilikuwa na miaka sita na haikuwa na mtoto, na Matroni alijua hasa pa kuchoma. Wenzako wakikaa mezani wanalisha watoto, alisema, wewe unasugua goti la mdoli. Akaipa roboti jina la mjukuu. Mgeni akiingia, Matroni aliiinamia roboti na kuiuliza hali, na kama imeanza kuota meno. Mgeni akacheka kwa aibu, na Bi Meno akatamani ardhi ipasuke immeze, au afadhali immeze Matroni.

Bi Meno naye hakuwa malaika. Meno ya Matroni, ya juu na ya chini, aliyatengeneza yeye, mwaka ule wa kwanza walipokuwa bado wanapendana kwa adabu. Tangu vita vianze, kila Matroni alipolalamika kwamba yanambana upande wa kulia, alijibiwa kwamba meno hayana tatizo, tatizo ni maneno yanayopita hapo. Bi Meno hakuyatazama hata mara moja. Na Matroni naye akaapa mbele ya jirani kwamba iko siku atalitupa lile dude jalalani, watu washike adabu.

Asubuhi ya Jumamosi moja, kabla ya kwenda kliniki kwa zamu ya nusu siku, Bi Meno alimaliza miguu. Pini ya goti ilikuwa imebana sana. Akaisukuma kwa kidole gumba na kwa hasira za wiki nzima mpaka ikaingia. Kisha akapitisha wino mweusi kwenye mistari ya magoti, na uliomwagika nje akaufuta kwa kitambaa alichokilowesha thina, ile dawa kali ambayo mafundi rangi huzimulia rangi. Nyumba ikanuka. Matroni akafungua madirisha yote akikohoa zaidi ya haja. Bi Meno akaisimamisha roboti kwa miguu yake kwa mara ya kwanza, akaitazama, akatoka bila kuaga.

Aliporudi saa nane mchana, roboti ilikuwa imelala kifudifudi, nusu yake imevuka utepe, na goti la kushoto limepasuka vipande viwili. Matroni alikuwa kwenye kiti chake anasikiliza redio.

"Imeanguka yenyewe," Matroni alisema kabla hajaulizwa. "Nimesikia tak, nikageuka, imelala."

"Yenyewe. Na ikaangukia upande wako."

"Sijaigusa."

"Siku za mwizi ni arobaini, mama. Zako zimetimia leo."

Yaliyofuata hayana haja ya kuandikwa yote. Mambo ya mabweni yalitajwa, na tumbo la mtu likatajwa, na wote wawili walisema maneno ambayo hata wangeishi miaka mia hayangezoleka. Jumapili dereva akarudi na uchovu wake. Bi Meno alimweka mbele ya meza, akamwonyesha goti, akamwambia achague, yeye au mama yake. Na kwa kuwa yeye ndiye aliyezungumza mwisho, mume akamgeukia mama yake na kumuuliza kama kweli alisema ataitupa.

"Nilisema," alijibu Matroni. "Sikufanya."

Haikumsaidia. Mume akasema ingefaa mama akapumzike kidogo kwa dada, yaani kwa wifi yake Bi Meno, upande wa pili wa mji. Matroni akafunga mizigo yake kwa muda mfupi kuliko wa kuchemsha chai. Mlangoni akageuka, akarudi mezani, akavua meno ya juu, akavua ya chini, akayaweka kwenye kisahani, na kisahani akakiweka juu ya utepe, katikati kabisa.

"Chukua na mali yako," alisema kwa ufizi mtupu, akatoka.

Wasiojua hudhani mtu aliyeshinda ugomvi wa namna hii hulala na majuto. Bi Meno alilala fofofo. Akabandua utepe, akatandaza fremu zake meza nzima, akafanya kazi huku anaimba. Kisahani alikifunika kwa kitambaa akakipandisha juu ya kabati. Kwa wiki tatu nyumba ilikuwa yake.

Katika wiki ya tatu, mzee mmoja fundi viatu alirudi kliniki na meno ya juu yaliyojaa nyufa nyembamba kama nywele. Alikuwa ameyaloweka kwenye spiriti, akieleza kwa fahari kwamba vijidudu vyote vimekufa. Bi Meno akaanza kumgombeza kama alivyogombeza wengine kwa miaka kumi na minne. Plastiki iliyobanwa, alimwambia, haitaki spiriti wala thina, dawa hupenya pale ilipokazwa na kuipasua kutoka ndani, hata usipoigusa itapasuka yenye...

Hakulimaliza neno. Mzee akasubiri mwisho wa karipio lake, ukawa hauji.

Jioni ile alichukua mabaki ya fremu, akatoboa tundu dogo, akashindilia kijipini humo kwa nguvu kama alivyoshindilia goti. Akakipaka thina, akakiweka mezani, akavuta kiti. Kiti alichovuta kilikuwa cha Matroni, hakukuwa na kingine karibu. Alikaa mikono imelala mapajani. Redio ilikuwa imezimwa, kwa hiyo alisikia vizuri.

Tak.

Alijisikia vibaya mpaka mwilini, kama mtu aliyekanyaga ngazi isiyokuwepo. Kisha, na hili nalo tuliseme, akajitetea. Hakuna aliyejua. Mtoto mdogo tu ndiye hujishitaki mwenyewe. Na yule mama si alisema ataitupa? Na maneno yale ya tumbo lake, nani atayaombea radhi? Siku mbili aliupiga moyo wake konde hivyo. Siku ya tatu alishusha kisahani kutoka juu ya kabati, akayaosha meno, akayatia kwenye kikopo chenye maji, akavuka mji.

Wifi yake alimfungulia mlango bila kumkaribisha. Matroni alikuwa sebuleni anakula mkate aliouloweka kwenye chai, mashavu yameingia ndani, amekuwa mdogo ghafla. Bi Meno hakukaa.

"Mama, goti nililivunja mimi. Ni ile thina niliyofutia wino. Wewe hukuigusa."

Wifi akaanza yake, na alikuwa na mengi, ila Matroni aliinua mkono kama anayezima taa za bweni. Akamwambia Bi Meno apige simu kwa mumewe, hapo hapo, sauti iwekwe wazi, aseme tena maneno yale yale. Bi Meno akapiga. Akasema. Kwenye simu ikasikika injini ya lori, kisha dereva akasema, "Mama, nisamehe." Matroni akakata bila kumjibu.

Ndipo akanyoosha mkono apewe kikopo. Akayavaa meno, ya chini, kisha ya juu, taratibu, maana alichotaka kusema hakutaka kukisema kwa ufizi.

"Miezi yote hii nilitaka kuivunja," alisema. "Kila ukitoka naiendea. Siku moja niliinyanyua nikafika nayo mpaka dirishani. Nikaona ulivyoisugua, nikairudisha. Nimekutukana sana, bibie, na sikuombi radhi. Lakini nimefukuzwa na mwanangu mwenyewe kwa kosa moja tu ambalo sikulifanya."

Bi Meno alisema ndiyo. Akamwomba arudi nyumbani, na Matroni akasema harudi, angalau si kwa kuombwa na mtu aliyesimama. Kwa hiyo Bi Meno akakaa. Wifi akajimiminia kikombe cha chai akaondoka nacho, mgeni hakumpa.

"Haya nayo yanabana," Matroni alisema, akigusa shavu. "Kulia. Nimekwambia tangu mwaka jana."

Jibu la zamani lilimjia Bi Meno mpaka kwenye ncha ya ulimi. Akalimeza. Akaomba ayaone. Matroni akayavua ya chini, akampa yakiwa bado na joto, na Bi Meno akapitisha kidole cha shahada ndani ya ufizi wa plastiki, pole pole, kutoka kushoto kwenda kulia, kama anavyopitisha kwenye kila kazi kabla haijatoka mkononi mwake. Mwisho kabisa, nyuma ya gego la kulia, kidole kikakwama. Palikuwa na nundu ya ukubwa wa punje ya mchanga, kali, mahali ambapo msasa haukufika. Akapapasa tena ili awe na hakika. Ilikuwa kazi yake, na ilikuwa imekaa mdomoni mwa mtu tangu siku ya kwanza.

Aliinua macho. Matroni alikuwa anamtazama, mdomo umepinda upande mmoja.

"Msasa umebaki," aliuliza, "au wote umeishia kwenye goti?"