Luka, Luka Tena

Sauti ninayoikumbuka kuliko zote ni ya nyayo tupu za watoto zikitua kwa pamoja kwenye uwanja wenye umande. Shule yetu ya misheni, upande wa Bungoma, ilikuwa na vyumba viwili vya udongo na uwanja mmoja mkubwa, na kabla ya kusoma herufi yoyote tulifanya mazoezi ya viungo. Mwalimu Wanyonyi alikuwa askari wakati wa vita. Alirudi na kaptula mbili za khaki, filimbi, na imani kwamba mtoto asiyeruka asubuhi hataelewa hesabu mchana. Alikuwa mfupi, kifua mbele, na sauti yake ilifika ng'ambo ya mto. Tulinyoosha mikono, tukainama kushika vidole vya miguu, kisha likaja lile tulilolipenda. "Luka!" alipaza sauti. "Luka tena! Luka juu!" Nasi tukaruka huku tukicheka. Alimaanisha ruka, bila shaka. Sisi watu wa Bungoma, L na R hubadilishana viti ulimini mwetu, na hakuna aliyejali, kwa kuwa mwalimu na wanafunzi tulikosea kwa namna moja.

Tatizo ni kwamba baba yangu aliitwa Luka, na nyumba yetu ilikuwa ng'ambo tu ya ua wa shule. Mwaka huo alikuwa amerudishwa nyumbani kutoka Kitale akiwa amebebwa. Huko alikuwa akiendesha gari la ng'ombe kwenye shamba la mzungu, na siku moja gari hilo, likiwa limejaa magunia ya mahindi, lilipinduka na kumvunja paja. Hospitali ilimfunga plasta, na plasta ilipotolewa mguu ulikuwa umekonda kama mpini wa jembe. Mganga msaidizi alimwambia aufanyishe mazoezi kila siku. Lakini baba hakuwahi kufanya jambo dogo maishani mwake. Siku ya kwanza alikwenda na mkongojo mpaka mtoni na kurudi, meno yameumana, na jioni goti lilikuwa limevimba hata hatukulitambua. Akalala wiki nzima. Uvimbe ulipopungua alikwenda tena mpaka mtoni, akaanguka kwenye mteremko, na majirani wakamleta mgongoni. Tangu siku hiyo aligeukia ukuta na kusema mguu umekufa. Nilikuwa na umri wa miaka tisa. Mtu aliyezoea kuninyanyua kwa mkono mmoja sasa aliomba apewe maji kitandani, nami niliogopa.

Jioni moja, akichambua mbegu za mahindi, mama alinieleza jinsi mambo yatakavyokuwa. "Mvua ikikuja na baba yako bado iko kwa kitanda, wewe utatoka shule," alisema. "Mimi peke yangu siwezi hii shamba." Hakuwa na ukali wowote, alikuwa amechoka. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeanza kitabu cha pili, na hakuna kitu nilichokipenda duniani kama kitabu kile. Kuanzia hapo nikawa na kazi mbili, kutazama mawingu juu ya Mlima Elgon na kutazama mguu wa baba. Nakiri leo bila aibu: nilitaka apone kwa ajili yangu kwanza, na kwa ajili yake baadaye.

Asubuhi moja nikiwa natoka, baba aliniita. "Nekesa, mayi," alisema, kwa lile neno letu la mama ambalo hata binti huitwa akipendwa, "enda ambia mwalimu yako aache kunitaja. Kila siku 'Luka, Luka juu,' na watoto wanacheka. Jana amesema ati, 'Luka, mbona umesimama kama gogo?' Mimi nilimkosea nini huyo mtu?" Nilielewa polepole. Kicheko kilinipanda, kisha nikaona macho yake yamelowa na kicheko kikaisha. Wiki zote zile alikuwa amelala pale akisikia jina lake likiitwa na kijiji kizima cha watoto kikimcheka. Na lile gogo lilikuwa mimi, kwa sababu nilikuwa nimesimama nikitazama mawingu. Hilo sikumwambia.

Nilipomfikishia mwalimu ujumbe, alivua kofia. "Ati nini? Mimi? Si nasema luka, ya kuluka juu, bana! Luka!" Kila alivyozidi kujitetea ndivyo alivyozidi kumwita baba, hadi akajisikia mwenyewe, akaziba mdomo. Jioni hiyo, masomo yalipokwisha, alikuja kwetu, akasimama kando ya kitanda kama aliye mbele ya ofisa. "Mzee, nisamehe. Nilikuwa naambia watoto waluke. Sikujua inakuumiza." Baba alimkodolea macho, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu Kitale, akacheka mpaka akashika paja kwa maumivu. Mwalimu akangoja amalize. "Lakini kwa vile jina ni lako," akasema, "kesho kuja pale kwa ua. Nikiita, uluke."

"Na mguu gani?"

"Huo huo. Shika nguzo, inua visigino. Hiyo ndiyo kuluka yako."

Kesho yake baba alijikokota mpaka kwenye nguzo ya ua akiwa ameshika bega langu. Aliinua visigino mara tano, upana wa kidole tu. Alitaka kufika ishirini. Filimbi ikalia upande wa pili: "Tano, mzee! Rudi kwa kiti!" Baba alirudi akinung'unika kwamba anatendewa kama mtoto wa chekechea. Lakini jioni goti halikuvimba. Mwalimu hakumruhusu kuongeza hata moja mpaka ile idadi ya jana iwe rahisi hata imchoshe kwa kuizoea. Ilikuwa tano kwa wiki nzima, kisha saba, kisha hatua mpaka nguzo ya pili na kurudi. Ziko asubuhi aliamka na hasira, ziko za manyunyu, na bado alitoka, kwani mtu akiitwa kwa jina lake mbele ya watoto wote hawezi kujifanya hakusikia. Jumapili moja, shule imefungwa, nilimwona amesimama kwenye nguzo yake peke yake, visigino vikipanda na kushuka. Hapo ndipo nilipoanza kumtakia uzima kwa ajili yake mwenyewe.

Mvua ilikuja kabla mguu haujawa tayari. Asubuhi hiyo mama aliegemeza majembe mawili mlangoni, akanitazama, nami nikaweka kibao changu cha kuandikia juu ya rafu. Baba aliinuka. Alipita kando ya majembe, akaenda kuwafunga ng'ombe plau. "Huyu aende shule," alimwambia mama. "Wewe ongoza ng'ombe. Nitalima mistari mitatu nikae, nilime tatu nikae." Nilikimbia uwanjani nikilia, nikaingia mstarini nimechelewa. Mwalimu akavuta pumzi. "Luka!" Na kutoka shambani kwetu, nyuma ya ng'ombe, ikaja sauti ya baba: "Nimeluka!" Hakuna aliyeruka uwanjani. Mwalimu alitugeuzia mgongo na kupuliza filimbi ambayo haikuwa na maana yoyote. Kulima kulichukua mwezi mzima, na mahindi ya majirani yalikuwa yamefika magotini, yetu ndiyo kwanza yakichipua. Lakini sikukosa shule hata siku moja.

Sasa naishi Matisi, Kitale, mji ule ule uliomvunja baba. Mjukuu wangu ana simu inayohesabu hatua zake, na hulipia chumba cha mazoezi chenye vioo. Kila Januari hukimbia mpaka atapike, na Februari viatu vinalala chini ya kitanda. Simcheki, au namcheka kidogo tu, maana naijua safari hiyo ya mtoni. Watoto wa leo wana madaktari wa kuwaeleza na viatu vizuri kuliko vyetu, nami nawafurahia. Ila nawahurumia kwa kuwa hakuna anayewaita kutoka ng'ambo ya ua, wala wa kuwaambia tano zinatosha. Mimi magoti yangu yamechoka pia. Kila asubuhi nashika fremu ya dirisha na kusema kwa sauti, "Luka!"

"Kukhu," mjukuu aliniuliza juzi, viatu vyake mkononi, "unaita nani kila siku?"

"Baba yangu," nilimwambia. "Weka simu chini, kuja ushike hapa. Tano tu." Akaja. Nikaita, na visigino vyetu vinne vikainuka.